Miaka Yangu ya Kugombana na Mraba

Nimestaafu. Wanaotaka kucheka wacheke sasa wamalize, halafu tuendelee. Nina miaka kumi na saba, nipo kidato cha tatu, na mgongo wangu ni wa mtu aliyekalia viti vya watoto wa awali kwa muda mrefu kuliko mwili unavyoruhusu. Mama ameamua kwamba nikiingia kidato cha nne sitaonekana tena chekechea. Kwa kuwa Mama ndiye mwajiri, ndiye mfuko wa pensheni na ndiye mahakama ya rufaa, suala limekwisha.

Nawaandikia ninyi wawili wa kidato cha pili mliokubali kushika nafasi yangu ya kufundisha maumbo katika chekechea ya usharika hapa Kihesa, Iringa, siku za Jumamosi na likizo. Mlikubali haraka mno. Mliwaona watoto wanaimba na sweta zao za kijani, mkasema, "Jamani, wazuri!" Mtanikumbuka. Kuhusu vyeo sina la kueleza, nilianza nikiwa msaidizi na nimemaliza nikiwa msaidizi. Kuhusu mshahara, kulikuwa na uji.

Kazi niliianzia Uyole, kule Mbeya tulikokuwa tukiishi. Mama mdogo Tupo, mdogo wake Mama, alikuwa na chekechea kwenye chumba cha nyuma ya nyumba yake, karibu na barabara kuu kiasi kwamba lori likipiga honi watoto wote wanakimbilia dirishani na somo linaanza upya. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza, likizo ya kwanza, najiona profesa. Mama mdogo akanipa chaki.

"Sekela, wafundishe pembetatu. Mimi namenya viazi."

Nikachora pembetatu safi, kwa rula. "Hii ni pembetatu." Wakajibu kwa sauti ya kung'oa bati: "Hii ni pembetatu!" Nikaona kazi imekwisha. Nikauliza kama kuna mwenye swali, jambo ambalo nawasihi msilifanye kamwe. Akanyoosha kidole mtoto mmoja anaitwa Anyisile, mwenye makamasi ya kudumu.

"Dada, pembe zake ziko wapi?"

"Hizi hapa. Moja, mbili, tatu."

"Hizo siyo pembe." Akasimamisha vidole viwili kichwani. "Pembe ndiyo hizi."

"Hizo za ng'ombe. Hizi ni za umbo."

"Ng'ombe wa bibi anazo mbili. Kwa hiyo ni pembembili?"

Darasa zima likageuka zizi. Wengine wakawa ng'ombe, wengine mbuzi, mmoja akawa kifaru kwa sababu alitaka kuwa na pembe moja peke yake. Nilitoka nje machozi yananilengalenga. Mama mdogo hata hakuinua macho kwenye beseni.

"Umewachorea," akasema. "Haya, sasa nenda kawape washike."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote ya ualimu. Mengine aliniongezea kidogokidogo, kila mara akiwa na kisu mkononi. Usiseme pembe siku ya kwanza, sema kona. Kona wanazijua, wanajigonga nazo kwenye meza kila siku. Mpe mtoto vijiti na madonge ya udongo. Kila kijiti kichomekwe kwenye donge, na donge ndiyo kona. Vijiti vitatu vinatoa pembetatu, na hiyo ukiisukuma haisukumiki, ni mkorofi. Vijiti vinne vinatoa mraba, na huo ukiusukuma unalala upande kama mtu anayesinzia kanisani. Watoto watausukuma asubuhi nzima. Waacheni. Ndiyo somo lenyewe, ingawa mtu akichungulia mlangoni atadhani mmepoteza mwelekeo.

Duara lilinishinda kwa ubishi wangu mwenyewe. Uyole ni viazi, ukigeuka huku gunia, ukigeuka kule gunia. Na viazi vyetu vinaitwaje? Viazi mviringo. Nikasema Mungu ameniletea vifaa. Nikakata vya kutosha, nikachovya kwenye rangi ya bluu, nikawaambia wagonge mihuri kwenye karatasi: "Hiki ni kiazi mviringo, na alama yake ni mviringo." Sasa, sijui ni nani aliyekipa kiazi jina hilo, lakini yeye na kiazi hawakuwahi kuonana. Karatasi zilijaa alama za masikio, figo na nyayo za bata. Kesho yake nikawatuma walete kitu chenye mviringo. Wakapita sahani, wakapita mfuniko wa ndoo, wakaniletea kandambili.

"Mviringo una matumbo," Anyisile akanielimisha. "Ulisema wewe."

Na mihuri mingine ilikuwa imeliwa. Wazazi walikuja kuuliza kwa nini watoto wao wana ndimi za bluu.

"Nilikwambia washike," Mama mdogo akasema. "Kula sikusema."

Basi kwa duara tumieni karoti. Viazi vikateni miraba tu, na vihesabuni kabla na baada.

Kifaa nilichokipenda kuliko vyote nilitengenezewa na fundi seremala wa pale Uyole kwa vipande vya mbao vilivyobaki: maduara, miraba, mistatili na pembetatu, vyote vimepigwa msasa visichome. Havikupakwa rangi, na msikubali mtu avipake. Ukipaka maduara nyekundu, mtoto akiulizwa umbo atakujibu "nyekundu" na atakuwa na haki. Na pembetatu zisifanane. Moja iwe nyembamba kama ncha ya mkuki, nyingine imelala kama paa la kibanda. La sivyo wataamini kuwa pembetatu ni moja tu duniani na nyingine ni wageni.

Baba alipohamishiwa Iringa, nilibeba hizo mbao kwenye boksi. Basi lilitushusha Ipogolo, pale chini kwenye barabara kuu, tukachukua bajaji ya kutupandisha mjini. Kwenye mwinuko boksi likapasuka. Miraba ikatulia ilipoangukia, ina heshima zake. Pembetatu zikaruka kidogo zikakaa. Maduara yakageuka yakateremka zao kurudi Mbeya. Dereva alisimama, akanitazama nikikimbia mteremkoni nafukuza vipande vya mbao, kisha akamuuliza Baba kwa upole kama huyu mtoto ni mzima. Tangu siku hiyo somo la duara nalianza hivyo: ubao mmoja umeinamishwa, maumbo yote juu, halafu tunaona nani anaondoka na nani anabaki. Mtoto wa miaka minne anaelewa mara moja. Mimi ilibidi nikimbie.

Chekechea ya Kihesa nilimkuta Mwalimu Felista. Ninyi mtamkuta pia, na mtamsalimia Kihehe, "Kamwene", kabla ya neno lolote, kwa sababu asiposalimiwa hasikii. Ni mwalimu mzuri, nataka hilo lieleweke kabla sijaanza kulalamika. Watoto wanampenda, hajawahi kumpiga hata mmoja, na anajua nani hajanywa chai kwa kumtazama tu mlangoni. Lakini alikuwa na kadi. Kadi za maumbo, zimechapishwa, zimewekewa nailoni. Aliziinua kwa mikono miwili, zimenyooka kama kitambulisho cha taifa, na watoto wakataja: duara, mraba, mstatili, pembetatu. Mbao zangu alizitazama akasema, "Asante, Sekela. Ziweke pale." Pale palikuwa chini ya ndoo ya maji.

Hapo ndipo ninapofika kwa Doto, ambaye amenifanya nizeeke.

Doto na Kulwa ni pacha. Kulwa ni wa kike, ndiye aliyetangulia kuzaliwa, na hajawahi kumwacha mtu asahau. Walikuwa wanalelewa na babu yao, Mzee Mgaya, kwa kuwa wazazi wao wako Mufindi kwenye mashamba ya chai. Mwaka jana wote wawili walitakiwa kumaliza chekechea, Januari waende darasa la kwanza. Hawajawahi kulala vitanda tofauti, achilia mbali kusoma shule tofauti. Mwezi wa kumi na moja ulipokaribia, Mwalimu Felista akaanza kumpima mtoto mmojammoja kuona nani yuko tayari. Ya Doto nilikuwepo. Mwalimu akainua kadi ya mraba, ila safari hii aliishika kwa mkono mmoja kwa sababu mkono mwingine ulikuwa unamzuia mtoto mwingine asipande dirishani. Kadi ikapinda, ikasimama kwa kona.

"Doto, hii ni nini?"

"Uru."

"Nini?"

"Uru, mwalimu."

"Hakuna umbo linaloitwa uru. Angalia vizuri."

Doto akaangalia vizuri. "Uru."

Mwalimu akauliza tena siku nyingine, na kwa bahati mbaya yangu mkono wake ulikuwa umeshazoea kuipindisha. Uru. Akanivuta pembeni. "Sekela, huyu mtoto hajawa tayari. Dada yake anakwenda, yeye abaki mwaka mmoja. Hata maneno anabuni." Akaniuliza kama uru ni Kinyakyusa. Nikasema hapana. Yeye mwenyewe ni Mhehe, kwa hiyo Kihehe tulishakitoa.

Mimi nilikuwa nimeuma shavu la ndani nisicheke. Ninyi mnajua uru ni nini. Kila mtu aliyewahi kupita kijiweni anajua. Kopa, shupaza, pau, na uru, ile nyekundu iliyosimama kwa kona. Mwalimu Felista tangu azaliwe hajawahi kushika karata, na huyu mtoto wa miaka sita, kwenye chekechea ya kanisa, alikuwa anamtajia jamii za karata bila kukosea. Kosa lilikuwa moja tu: hakujua kuwa uru aliyoonyeshwa ni ule mraba wa siku zote, umegeuzwa.

Nikadhani ni jambo dogo. Nikaenda nyumbani kwao jioni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

Nikamweleza. Mzee Mgaya akatazama mlango, akatazama dirisha, akashusha sauti. "Amesema uru? Mbele ya watu?"

"Mara nyingi, babu."

Mpate kuelewa, Mzee Mgaya alikuwa mzee wa kanisa. Tena ndiye aliyesimama Jumapili moja kuwakemea vijana wa kijiweni kwamba karata zinaozesha akili. Kumbe mchana, wajukuu wakirudi, alikuwa anacheza nao chini ya meza ya chakula ili jirani asione, na Doto ndiye alikuwa mpinzani wake mkali. Kulwa alikuwa mlinzi wa mlango.

"Basi umwambie mwalimu, babu. Ataelewa mtoto hana tatizo."

"Nimwambie nini? Mjukuu wangu, we mfundishe tu aseme tiara. Tiara ya kurusha si inafanana?"

"Babu! Ni mraba!"

"Haya, mfundishe mraba. Wewe si ndiye mwalimu?"

Nilichoka. Siwafichi, nilitoka pale nimechoka na wazee, nimechoka na watoto, nimechoka na mraba wenyewe. Nikaanza kufanya kila nilichojua. Nikawashikisha watoto wanne kamba ya katani, kila mmoja kona yake, nikawaambia wazunguke nayo bila kuilegeza ili waone mraba unageuka nao. Kulwa akavuta, wenzake wakavuta, ikawa vita. Nikachora mraba sakafuni, nikamtembeza Doto kwenye mistari yake, nikamsimamisha upande huu na upande ule aseme anaona nini. Upande huu mraba. Akisogea kwenye kona, uru. Nikakata mraba wa boksi nililoomba kwenye duka la vitambaa la Mama Zarina, nikaupigilia msumari katikati kwenye ubao ili uzunguke. Doto akauzungusha siku nzima. "Mraba, uru, mraba, uru, mraba, uru." Nikamuuliza, "Ni vitu viwili au kimoja?" Akanitazama kwa huruma, akaendelea kuzungusha. Kama kuna kitu kilikuwa kinaingia, hakikunipigia hodi.

Ikafika Jumamosi ya mkutano wa wazazi. Mwinjilisti wa usharika alikuwepo, amekaa mbele. Mzee Mgaya alikuwa ubavuni mwake, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, na koti lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote. Mwalimu Felista akasoma majina ya wanaokwenda darasa la kwanza. Kulwa akatajwa. Doto hakutajwa. Kulwa akasubiri kidogo, kama mtu anayejua kuna kosa litarekebishwa, kisha akashika sweta ya mdogo wake kwa mikono miwili.

"Na mimi sendi," akasema.

"Kulwa, kaa chini."

"Sendi! Kama hatwendi wote sendi!"

Akaanza kulia kile kilio cha bila sauti, kinachotisha zaidi ya kile cha kelele. Doto hakulia. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Mwalimu Felista naye alikuwa amebadilika uso, na kwa kutaka wazazi wasimwone mkatili, akainua ile kadi mbele ya watu wote. Ikapinda kama kawaida.

"Doto, baba, niambie taratibu. Hii ni nini?"

Doto akamtazama babu yake. Babu yake akatazama dari.

"Uru," Doto akasema, kwa sauti ndogo.

"Mnaona wazazi? Simwonei."

Kina baba wawili waliokaa nyuma wakaanza kukohoa kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo pale Mzee Mgaya alipoinuka. Aliinuka taratibu, akafungua kifungo cha juu cha koti, kama mtu aliyekosa hewa.

"Mwalimu. Mtoto amejibu."

"Amejibu kwa lugha gani, mzee wangu?"

"Kwa lugha ya karata."

Hakuna aliyecheka. Mwinjilisti akageuza shingo polepole. "Karata za nani, mzee?"

"Zangu. Nimemfundisha mimi, nyumbani kwangu. Na wenzangu mlionisikia nikiwakemea vijana wa watu, nisameheni, au msinisamehe, hiyo tutaongea. Ila mtoto msimbakize kwa sababu yangu. Akili anazo. Mimi ananifunga."

"Anamfungaga kila siku," Kulwa akathibitisha katikati ya kwikwi.

Hapo ndipo watu walipocheka, hata Mwinjilisti akashika kidevu. Lakini Mwalimu Felista hakucheka. Alikuwa amesimama na kadi yake, na ninamheshimu kwa alichosema: "Sawa. Hiyo ya karata nimeelewa. Lakini mraba je? Darasa la kwanza hawataulizwa uru."

Na alikuwa na haki, ndiyo ilikuwa inaniuma. Babu amejivua nguo mbele ya usharika, na bado swali lilikuwa palepale.

Doto akajitoa kwenye mikono ya dada yake. Akaenda hadi mbele, akasimama chini ya Mwalimu Felista, akanyoosha mkono. Mwalimu akampa kadi. Doto akaigeuza kidogo tu, nusu ya robo, ikakaa sawa. Akamwonyesha.

"Mraba." Akaipindisha. "Uru." Akainyoosha. "Mraba." Kisha akamrudishia, na uso wake ulikuwa ule wangu wa kila Jumamosi, uso wa mtu aliyeeleza jambo mpaka amechoka. "Ni hiyohiyo, mwalimu. Wewe unaishikaga vibaya."

Mzee Mgaya alipumzishwa uzee wa kanisa mwezi huohuo, na sasa anakaa benchi la nyuma. Januari nilimwona akiwasindikiza shuleni, pacha mmoja kila upande, sare mpya zinawafika magotini, na Kulwa anatembea hatua moja mbele ya wenzake.